Chumvi ya Kambini

Chumvi ililetwa siku ya Alhamisi, kama kila mwaka mvua za masika zikikatika. Shaushi Abasi alitangulia na fimbo yake kwapani, nyuma yake askari mmoja kabeba gunia dogo begani. Mwaisha aliwaona tangu wako kwenye uwanja wa gwaride. Akaweka jembe chini, akanawa mikono, akajifunga kaniki yake vizuri.

"Hodi hapa kwa mwenye ardhi!" shaushi aliita. Ndivyo alivyoita miaka yote, nusu mzaha.

"Karibu, shaushi. Karibuni."

Gunia likatuliwa kizingitini. Hakuna aliyeligusa. Chumvi ile bado haikuwa ya jikoni. Mpaka Mjomba Ahmadi, kaka wa marehemu mama yake Mwaisha, ashuke kutoka mlimani, alifungue kwa mkono wake na kuzigawia nyumba zote za ukoo, ndipo Mwaisha angechota fungu lake. Waluguru kitu kile wanakiita ngoto. Mgeni akiomba shamba la ukoo hupewa alime, na kila mwaka hupeleka kitu kwa mwenye ardhi: mkungu wa ndizi, jogoo, kibuyu cha pombe. Hakuna anayekipima. Ni kusema tu kwamba nakumbuka hapa si kwangu. Siku mgeni akihama, ardhi inarudi kwa wenyewe. Wadachi walipokuja kujenga kambi ya askari kando ya mto, Mjomba Ahmadi aliwaeleza hivyo hivyo, na bwana wa wakati ule, ambaye alikuwa na homa na haraka, akasema basi wapewe chumvi. Mwaka huu ulikuwa wa kumi.

"Ila hii ni ya mwisho, mama," alisema Shaushi Abasi. "Kombania yetu inahamishwa. Mwezi ukiandama tunaondoka, wengine Iringa, wengine sijui wapi. Kambi itabaki tupu."

Mwaisha alimtazama kwanza, asije akawa anatania. "Wote?"

"Mpaka kuku wa wake zetu."

Shaushi alipokwisha kunywa uji na kuondoka, Mwaisha alimwita binti yake Furaha, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi sita na alitembea ameshika kiuno. Wakasimama pamoja kwenye ukingo wa shamba. Ng'ambo ya kijito zilionekana safu za vibanda vya askari, na katikati uwanja wa gwaride, mweupe, umekanyagwa mpaka majani yamesahau kuota.

"Pale penye uwanja pagumu," alisema Mwaisha. "Lakini ukipalima mara mbili na kumwaga samadi, panakubali. Nyumba yako utaiweka kule juu, karibu na migomba. Mumeo akirudi kutoka reli akute pameshachimbwa misingi."

"Mama, wenyewe hawajaondoka, wewe ushanijengea."

"Mama yangu alinionyesha pale nikiwa na mimba yako. Basi nami nakuonyesha."

Furaha akacheka. Mume wake alikuwa kibarua wa njia ya gari la moshi, iliyokuwa imeshapita Kilosa na kuendelea magharibi. Hakuwa na shamba la kwao la kumpeleka. Ardhi ya ukoo hupita kwa mama kwenda kwa binti, na yeye ndiye binti.

Pazi, mume wa Mwaisha, alikuwa amekaa kivulini akisuka mkeka. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nimelima hapa miaka ishirini na mbili na bado mgeni. Hata chumvi hamnidai."

"Wewe unalipa kwa maneno," Mwaisha alimjibu.

*

Askari waliondoka kwa tarumbeta. Siku nne baadaye walikuja watu wengine: mzungu kijana mwenye darubini ya miguu mitatu, na vibarua watano wakivuta mnyororo. Hawakupiga hodi. Walianzia kwenye uwanja wa gwaride, wakavuka kijito, wakapita katikati ya kunde wakipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kigingi kimoja wakakipigilia uani, hatua tatu kutoka jikoni.

"Jamani, huku sio kambini," alisema Mwaisha. "Kambi inaishia kwenye kijito."

Kibarua mmoja, mtu wa Mwembesongo aliyemfahamu kwa sura, alimjibu kwa sauti ya chini. "Mama, sisi tunavuta mnyororo tu. Wanasema mji umeongezwa. Kambi yote imeingia mjini, na pande zake. Panatakiwa viwanja vya maduka, na nyumba za watu wa reli."

"Pande zake zipi?"

Yule kibarua akatazama kigingi cha uani, kisha akaona afadhali aufuate mnyororo.

Jioni ile Karani Yunusi alipita kununua mboga. Alikuwa kijana wa Bagamoyo, mwenye kanzu safi na viatu, na kila siku ya tatu alinunua kwa Mwaisha mchicha na kunde. Siku hiyo alichagua majani moja moja, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mbona umeinama hivyo?"

"Jumatatu mtaitwa bomani, kwenye baraza la ardhi. Wenye madai wataulizwa." Akatazama nyuma. "Bwana Mkubwa atauliza kama mmewahi kupokea kitu kwa ajili ya ardhi hii. Sema hamjapokea. Hata punje."

"Lakini tumepokea. Gunia la mwaka huu lile pale uchagani."

"Nalijua. Ndiyo maana nakwambia. Semeni Wadachi walikaa bure. Hapo atalazimika kuwaachia sehemu, labda na fidia. Mkisema mlipokea, mama, mimi sitakuwa na la kuwasaidia."

Mwaisha alifunga mboga kwa ugwe wa mgomba, akampa. Alikuwa akifikiri jinsi watu wa pwani walivyo: wanakula kwako, kesho wanakufundisha kusema uongo mbele ya serikali.

*

Mjomba Ahmadi alishuka Jumapili na fimbo yake, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alisikiliza habari ya karani, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Hamjapokea! Nani amemtuma huyo?"

"Hakusema ametumwa, mjomba," alisema Mwaisha.

"Ametumwa na wenye maduka. Tukisema jeshi halikutoa kitu, maana yake nini? Maana yake jeshi lilikaa miaka kumi bila kuwa na mwenyeji. Maana yake pale palikuwa pori! Ngoto ndiyo ushahidi wetu, binti. Anayetoa ndiye mgeni, anayepokea ndiye mwenyewe. Mtoto mdogo wa Mluguru analijua hilo."

Pazi alikohoa. "Mjomba, mimi ningesema huyu karani anakaa nao, anajua mizani yao."

"Mkwe," Mjomba Ahmadi alisema kwa upole uliouma kuliko ukali, "hili ni jambo la ukoo."

Pazi akainamia mkeka wake.

"Na yale magunia matupu?" mzee akauliza.

Mwaisha alikuwa ameyatunza yote. Aliyashusha kutoka uchagani, tisa, meusi kwa moshi, yamekunjwa kama nguo za arusi. Mjomba Ahmadi akayahesabu mara mbili, uso ukamng'aa. "Tutayabeba yote. Lile la kumi nitaligawa tukitoka bomani. Yule mzungu akiyaona hatakuwa na la kusema."

Furaha, aliyekuwa akipepeta mchele, alisimamisha ungo. "Mama, na kama karani anasema kweli?"

"Kweli gani ya kukana kitu ulichokula?" Mwaisha alimjibu. Lakini usiku alisikia mwanawe akijigeuza kitandani, naye akajigeuza, na hakuna aliyemwita mwenzake.

*

Barazani waliwekwa chini, kwenye sakafu ya saruji, wakangoja tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Bwana Mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za rangi ya mahindi. Alijua Kiswahili, tena kizuri, kwa hiyo Yunusi hakuwa na kazi ya kutafsiri. Alikaa pembeni na kalamu yake, macho kwenye karatasi.

"Ukoo huu unadai kambi?"

"Hatudai, bwana," alisema Mjomba Ahmadi akisimama. "Ni yetu. Jeshi lilikuwa mgeni wetu. Limeondoka, tunashukuru, halikutukosea adabu. Sasa tunarudi kwetu."

"Una ushahidi?"

Mzee alikuwa akilingoja swali hilo tangu jana. Alimpa Mwaisha ishara. Mwaisha akafungua mzigo, akayatandika magunia sakafuni, moja baada ya moja, mpaka yakafika kwenye miguu ya meza. Watu waliokuwa nje ya nguzo wakasogea kutazama.

"Chumvi," alisema Mjomba Ahmadi. "Kila mwaka. Tisa ndiyo haya, na la kumi liko nyumbani halijafunguliwa. Hawakukosa hata mwaka mmoja."

Bwana Mkubwa akainuka kidogo ili aone vizuri. "Jeshi liliwapa chumvi kwa ajili ya ardhi?"

"Ndiyo, bwana!"

"Mkapokea kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari, na kwa furaha."

"Wote wa ukoo wakala?"

"Wote. Mimi mwenyewe niligawa."

Mwaisha alimtazama Yunusi. Karani alikuwa amefumba macho.

"Basi kazi ni fupi," alisema Bwana Mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mchangamfu. "Nilidhani tutakaa hapa mpaka jioni. Ardhi hii imelipwa mara kumi. Andika."

Mjomba Ahmadi alicheka kidogo, kama mtu anayedhani mwenzake amekosea hesabu. "Hapana, bwana. Hujaelewa. Anayetoa ndiye mgeni. Anayepokea ndiye mwenyewe."

"Mzee, ukienda dukani, anayetoa ndiye anayeondoka na mali."

"Lakini hapa si dukani."

"Patakuwa duka," alisema Bwana Mkubwa, na mtu mmoja kule nje akacheka.

Ndipo Pazi aliposimama. Alisimama vibaya, mguu mmoja umekufa ganzi kwa kukaa. "Bwana Mkubwa, nyumba yetu iko nje ya kambi. Kijito ndio..."

"Huyu nani?"

"Mimi ni mume wa huyu mama."

"Ardhi ni yako?"

Pazi alimtazama Mjomba Ahmadi. Mzee alikuwa bado amemkodolea macho Bwana Mkubwa, mdomo wazi. "Hapana, bwana," alisema Pazi. "Si yangu."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Bwana Mkubwa alitazama ramani, akasema nyumba iko ndani ya vigingi, wapewe miezi miwili waondoke. Magunia yale wayaache pale pale, kwani ni ushahidi wa serikali. Askari wa zamu akayakusanya kwa mguu.

*

Mjomba Ahmadi hakupitia nyumbani. Alishika njia ya mlimani moja kwa moja kutoka bomani, na watu waliokutana naye walisema hakuitikia salamu.

Habari ilifika mtoni kabla ya Mwaisha kufika na mtungi wake. Wanawake wawili wa ukoo wao wenyewe, waliolima upande wa Mafiga, walikuwa wakifua. Walimwacha ainame kwanza.

"Dada Mwaisha, mboga yako siku hizi tamu?"

"Lazima iwe tamu. Ina kambi nzima ndani yake," mwenzake akadakia.

"Sisi fungu letu la mwaka huu hatujaliona, au mnataka kuuza na mlima?"

Mwaisha alijaza mtungi. Alitamani kuwajibu kwamba wao pia walikula, kila mwaka walikuja na vibakuli kabla hawajaitwa. Lakini yeye ndiye aliyeyatandika yale magunia kwa mikono yake. Alipandisha mtungi kichwani, maji yakamwagika begani, akaondoka.

Wiki zilipita. Viwanja vya kwanza vikaanza kusafishwa kule kambini, na vibanda vya askari vikachomwa moto kimoja kimoja. Kunde zilikuwa zimeanza maua, mahindi yamefika kiunoni. Furaha alivimba miguu. Mkunga alimkanda tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, asitembee safari ndefu, na mlimani asithubutu kupanda mpaka ajifungue.

"Tutakwenda wapi?" Pazi aliuliza jioni moja. Akaweka mkeka wake pembeni. "Nimepita kwa karani. Anasema wapo walioruhusiwa kukaa mpaka mavuno. Wanalipa kodi ya kiwanja kwa mji, wanapewa karatasi."

"Nilipe nini? Kodi ya kukaa kwangu?"

"Mwaisha..."

"Nikilipa, nimesema kwa mkono wangu kwamba hapa si kwangu. Wewe hujui, wewe ni..." Akanyamaza. Lakini neno lilikuwa limeshafika.

"Mimi ni mgeni," alisema Pazi. "Ndiyo. Miaka yote nimelala vizuri na neno hilo. Halijaniua."

Usiku ule Mwaisha hakulala. Macho yake yalikuwa juu uchagani, kwenye gunia la kumi. Hakuna aliyelifungua. Mjomba hakushuka tena kuligawa, naye hakuthubutu kulichota, ingawa chungu cha chumvi jikoni kilikuwa kimekwisha kwanguliwa chote. Alfajiri alimwamsha mumewe.

"Tisa tulikula. Hili hatukula."

"Eti nini?"

"Gunia hili. Wanasema tumeuza kwa sababu tulikula. Mwaka huu hatujala. Nawarudishia chumvi yao, watuachie mwaka wetu. Mkono uliopokea ndio unaorudisha. Atasema nini?"

Pazi alikaa kitandani akijikuna kidevu. Maneno yale yalikuwa na sura ya haki, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu chenye sura hiyo nyumbani mwao. "Nikubebee?"

"Hapana. Hili ni la ukoo."

Alilibeba kichwani. Asubuhi ilikuwa na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaja ya mlima, na njia ya bomani ilikuwa na watu wengi waliokwenda kazini. Walimpisha. Mzee mmoja wa kutoka Mafiga, aliyepanga shamba la watu, alimtazama na mzigo wake, akamwuliza kwa upole, "Na wewe unapeleka?"

"Narudisha," alisema Mwaisha, lakini mzee alikuwa ameshapita.

*

Bwana Mkubwa alikuwa safarini Dar es Salaam. Yunusi alikuwa peke yake barazani, mbele yake watu sita wamechuchumaa. Alipomwona Mwaisha alisimama, akamsaidia kutua.

"Shikamoo, mama. Afadhali umekuja. Kesho askari wanaanza kupita kwenye nyumba."

"Marahaba. Nimeleta chumvi yenu. Haijafunguliwa, tazama mshono."

"Naona, mama." Yunusi alilipima gunia kwa macho. Hakumuuliza zaidi. Alikuwa amengojea kwa siku nyingi mtu yeyote wa nyumba ile alete kitu chochote, na hiki kilitosha. Alimwita tarishi, akamnong'oneza alipeleke gunia kwa Mhindi wa dukani, arudi na fedha. Kisha akachovya kalamu, akaandika taratibu, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Chukua, mama. Ikunje, isilowe."

Mwaisha aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Inasema nimerudisha?"

Yunusi aliweka kalamu chini. "Inasema ukae mpaka mavuno. Hakuna askari atakayekugusa. Furaha atajifungulia pale pale."

"Na chumvi inasemaje?"

"Chumvi ni kodi yako. Nimeiandika kodi. Ndiyo njia pekee, mama. Kurudisha hakuna mahali pa kukuandika."

"Kodi kwa nani?"

"Kwa mji. Mwenye..." Akakatiza hapo.

Wale sita waliochuchumaa walikuwa wakimtazama. Mmoja alikuwa na kuku amefungwa miguu, mwingine na mkungu wa ndizi mbele ya magoti. Mwaisha aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama pale gunia lilipokuwa. Palibaki unga mweupe kidogo sakafuni.

"Ukitaka," alisema Yunusi kwa sauti ndogo, "nitaichana. Tarishi hajafika mbali. Sema tu."

Mwaisha alifungua mdomo. Alimfikiria Furaha akishuka kitandani kwa mikono miwili, na miguu yake iliyokuwa ikibonyea kama unga uliokandwa. Akafikiria njia ya mlimani, yale mawe. Mahindi yalikuwa yanataka wiki saba tu.

Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kaniki.

*

Walikula kunde na ugali. Pazi alikuwa ameshasikia njiani, akarudi karibu anaimba; alikuwa amekwenda kukagua mahindi, akasema watapata, tena mengi, na kwamba yule karani ni mtoto wa watu. Furaha alikaa ameegemea ukuta, miguu juu ya gogo. Alitia tonge mdomoni, akatafuna, akasita.

"Mama, mboga chapwa."

"Najua."

"Si lilikuwepo gunia zima? Umelipeleka wapi?"

Pazi aliacha kutafuna. Nje, upande wa kambi, walikuwa wakichoma kibanda kingine, na harufu ya makuti iliingia mpaka jikoni. Mwaisha alimega tonge lake, akalichovya, akalitazama.

"Nimelipeleka kwa mwenye ardhi," alisema. "Kula, mwanangu."